Nimemaliza PCB, udaktari sijafikia: bayokemia na bayoteknolojia vinafaa kwa mtu wa Mwanza?

binti_buswelu ameuliza:

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, mambo vipi.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCB. Kemia nimepata B, Biolojia C, Fizikia D. Ushindani wa udaktari naujua, kwa hiyo huko sipigi hesabu tena. Baba ni fundi wa injini za boti Igombe, yeye anataka nirisiti mwakani nijaribu tena, maana anasema ukitaja daktari hakuna wa kukuuliza ndiyo kazi gani. Mama anataka niombe ualimu wa sayansi. Mimi nimeshinda wiki nzima na mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na kila nikifunua narudi kwenye kozi zilezile: bayokemia, biolojia ya molekuli, bayoteknolojia.

Sababu yangu ni moja. Topiki ya vimeng'enya na ile ya upumuaji wa seli nilikuwa nazisoma hata wakati hakuna mtihani. Mwalimu alituchorea mzunguko wa Krebs, zile hatua za kemikali ambazo seli hupitia kupata nguvu, ubao mzima, mishale inazunguka, wenzangu wakaanza kutunga vifupisho vya kukariria. Mimi nikawa najiuliza: huyu mtu aliuonaje? Seli haionekani kwa macho, yeye alijuaje kwamba hiki kinageuka kuwa kile? Nilimuuliza mwalimu, akasema hayo nitayakuta chuo.

Naomba aliyesoma anieleze kwa uwazi. Ndani ya kozi kuna nini hasa? Chuo nakichaguaje? Na je, kazi zipo huku kwetu ziwani au ni lazima nihamie Dar? Kuna dada mmoja wa mtaani kaniambia nikimaliza nitaingia maabara ya hospitali moja kwa moja, nataka kujua kama ni kweli.

---

mzee_wa_buhongwa amejibu:

Binti yangu, nakwambia kama mzazi. Nina mtoto wa kaka yangu alisoma hayo mambo ya molekuli, GPA nzuri tu, leo ni wakala wa miamala hapa Buhongwa stendi. Kila tangazo la kazi akienda anakuta wanataka mtu mwenye leseni, na yeye leseni hana. Chukua famasia au uuguzi, hata kwa ngazi ya diploma, utoke na leseni mkononi. Baada ya hapo soma unachopenda.

---

dada_wa_shifti amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Na wewe mzee wa Buhongwa, shikamoo. Hilo la leseni umesema kweli na nitalirudia huko mbele, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi.

Mimi nimesoma bayoteknolojia, sasa nafanya kazi maabara ya kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Nianze na swali lako la Krebs, maana kwangu mimi hilo ndilo linaloonyesha kozi inakufaa au haikufai.

Hans Krebs na mwanafunzi wake hawakuona kitu kwa macho. Mwaka 1937, Sheffield, Uingereza, walichukua misuli ya kifua cha njiwa, wakaisaga, wakaiweka kwenye chupa ndogo zilizounganishwa na kipimo cha gesi, wakawa wanasoma oksijeni inatumika kwa kasi gani. Wakiongeza sitreti kidogo, ambayo ni kemikali mojawapo ya mzunguko huo, oksijeni inaliwa kwa wingi kuliko kile walichoongeza kingeweza kueleza. Halafu wakatia maloneti, ambayo inaziba kimeng'enya kimoja tu katika njia nzima, na sukisineti, ambayo kimeng'enya hicho hukigeuza, ikaanza kurundikana. Ni kama kuziba mfereji shambani ili uone maji yanajaa upande gani. Ukishaziba mahali pengi pa kutosha, unajua mfereji wote unapita wapi hata kama umefukiwa. Aliandika matokeo akayapeleka kwenye jarida la Nature, wakayarudisha, akachapisha kwingine, na mwaka 1953 akapewa Nobel kwa kazi hiyohiyo.

Hiyo ndiyo bayokemia. Mzunguko wenyewe utaufundishwa kwa mihadhara michache ukaisha. Kitakachobaki ni ule utaratibu wa kuziba, kupima, na kufikiri kwa nini namba imepanda. Kama swali la "alijuaje" ndilo lililokukosesha raha darasani, basi wewe ni wa huku, na sikwambii hivyo ili nikufurahishe.

Sasa ndani ya kozi. Kwetu digrii hizi ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wengi hukata tamaa kwa sababu hawaoni bayoteknolojia yoyote: ni kemia ya jumla, kemia ya kaboni, hisabati, takwimu, biolojia ya seli, kompyuta. Sapu (mitihani ya marudio) nyingi zinapatikana hapo, na wanaodisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, wengi hudisko hapo. Kemia ya kaboni usiichezee. Mwaka wa pili ndipo unakutana na protini, vimeng'enya, metaboli, jenetiki, mikrobiolojia. Wa tatu ni uhandisi jeni, kinga ya mwili, uzalishaji wa kutumia vijidudu kwenye matangi, na mradi wako wa utafiti. Mahali fulani katikati kuna fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na fildi ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa kirefu.

Lakini kwanza nikupe mfano wa siku yangu ya kazi, uone yale ya darasani yanaishia wapi.

Lori la barafu likifika getini na sangara kutoka mwaloni, sisi wa maabara tunatoka na gumbuti na koti jeupe. Tunachoma kipimajoto kwenye nyama nene karibu na mgongo. Tunafunua matamvua kuangalia rangi, tunabonyeza nyama kuona kama inarudi, tunanusa. Hayo hata mchuuzi wa Kirumba anayafanya, tena wapo wanaotushinda. Tofauti ni kwamba mimi najua kinachoendelea ndani ya ile nyama. Samaki akishakufa, ATP, ile molekuli inayobeba nguvu ya seli, haitengenezwi tena. Iliyobaki inashuka ngazi: ATP inakuwa ADP, kisha AMP, kisha IMP, kisha inosini, mwisho haipozanthini. ATP ikiisha, nyuzi za misuli zinakwama zilivyoshikana, ndiyo maana samaki anakakamaa. IMP ndiyo inayompa samaki mbichi ule utamu wake. Haipozanthini inaleta uchungu. Ngazi za juu zinashuka kwa vimeng'enya vya samaki mwenyewe, kwa hiyo hata ukimsafisha akawa hana bakteria hata mmoja, bado anaendelea kushuka. Kinachozuia ni baridi. Ndiyo maana namsumbua dereva kuhusu barafu na simsumbui kuhusu kumwagia maji. Ukipima inosini na haipozanthini ukalinganisha na jumla ya ngazi zote, unapata namba inayoitwa thamani ya K, na namba hiyo inakwambia samaki huyu amekufa muda gani na ametunzwaje, hata kama muuzaji anaapa kavuliwa usiku wa leo.

Baada ya hapo tunachukua sampuli ya gramu 25 kwa ajili ya salmonela. Kwenye gramu hizo 25 hatakiwi kuonekana hata mmoja. Kuna wanaoona tunasumbua watu, lakini waulize waliokuwa kwenye biashara hii kati ya 1997 na 1999, wakati soko la Ulaya lilipofungwa kwa samaki wa ziwa hili, mara kwa salmonela, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, wavuvi wakakosa pa kuuza. Kilichofungua soko ni maabara: vipimo vinavyoaminika na watu wa kuvifanya. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki ipo Nyegezi, ukipita barabara ya kwenda chuo cha SAUT hauko mbali nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia mambo ya molekuli ni ya nchi za watu, mwambie aje aone foleni ya malori.

Sasa chuo. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana shahada ya Biolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro wana Bayoteknolojia na Sayansi za Maabara. Zote mbili ni kozi za watu wanaojua wanachofanya, na vigezo utavikuta kwenye mwongozo ulio nao. Wanaangalia zaidi Kemia na Biolojia, kwa hiyo ile D ya Fizikia isikunyime usingizi kabla hujasoma kifungu chao chote. Lakini usichague kwa kusikia jina. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo, umuulize swali hili: wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umeshika pipeti (kifaa cha kupimia vimiminika vidogo) mara ngapi muhula huu? Usimuulize kama chuo kina mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, maana kila chuo kitasema kinayo. Chuo nilichosoma mimi, sikitaji, mashine ilikuwepo, inang'aa, na tulionyeshwa tukiwa kundi zima tumeizunguka, mwalimu wa maabara akabonyeza, tukaandika ripoti. Nililia siku hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeisubiri tangu mwaka wa kwanza.

Fildi ndiyo iliyoniokoa. Na hapa nakusihi sana mdogo wangu. Barua za fildi zikitoka, wenzako watakimbilia mahali penye posho au karibu na nyumbani kwa shangazi. Wewe nenda mahali penye sampuli nyingi, mahali ambapo watakuchosha. Mimi nilipelekwa kupima maji. Kila asubuhi chupa zinafika, unachuja, unapanda kwenye sahani, unahesabu makoloni, kesho tena. Wengine waliona ni kazi ya kitumwa. Ila nilitoka pale mkono wangu umetulia: nikivuta maikrolita 20 ni 20, na nikirudia kipimo namba zinakubaliana. Kwenye usaili wa hapa kiwandani hawakuniuliza GPA yangu. Walinipa pipeti, maji na mizani ndogo.

Sasa lile la mzee. Digrii hii haikupi cheo. Daktari ni daktari, muuguzi ni muuguzi, ana baraza lake na namba yake ya usajili. Mtu wa bayokemia anatoka na uwezo wa kupima vitu hai, na asipojua anataka kupima nini, anabaki anazungusha bahasha mjini. Nadhani hicho ndicho kilichomkuta yule mtoto wa kaka yake mzee, na si kwamba hana akili. Kwa hiyo kabla mwaka wa pili haujaisha uwe umeshachagua kitu. Sampuli yako iwe ni samaki, damu, muhogo, maji, bia (Mwanza kuna viwanda vya bia na hamira ni kiumbe hai, wanahitaji watu wa kuiangalia), dawa au ushahidi wa jinai. Ukishachagua, mradi wako uwe juu ya kitu hicho, fildi yako iwe hapohapo, na hata barua zako za kuomba kazi zikitaje hicho. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapa Mwanza. TMDA (dawa na vifaa tiba) wapo, TBS (viwango) wapo, NIMR (utafiti wa tiba) wapo, TAFIRI (utafiti wa uvuvi) wapo, Wakala wa Maabara ya Veterinari wapo. Hakuna hata mmoja kati yao anayeajiri "bayoteknolojia". Wanaajiri mtu anayejua kupima kitu wanachokisimamia.

Habari ya hospitali namwachia mwenzangu wa huko, najua yumo humu.

---

fundi_damu amejibu:

Nimo dada.

Binti, aliyekwambia utaingia maabara ya hospitali moja kwa moja kakupotosha, ingawa nadhani hakukusudia. Hospitalini lazima uwe umesajiliwa na baraza la wataalamu wa maabara za afya, na njia yake ni kusoma sayansi ya maabara za afya, ile BMLS, au diploma yake. BMLS inapatikana hapahapa Mwanza, chuo cha CUHAS pale Bugando. Kama ndoto yako ni kukaa na wagonjwa na majibu yao, soma hiyo, usizunguke.

Kama unapenda swali la "kwa nini", bayokemia inakwenda ndani zaidi. Nikupe mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana Kanda ya Ziwa tunaibeba kuliko mikoa mingi na kila ukoo una mtu. Kazi yangu ni kupima: natenganisha himoglobini kwa umeme, naona mstari wa S (himoglobini ya selimundu) umebaki nyuma ya mstari wa A (ya kawaida), naandika jibu. Mtu wa bayokemia ndiye anayejua kwa nini ule mstari umebaki nyuma. Kwenye DNA herufi moja imebadilika, GAG imekuwa GTG. Kwa hiyo kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, imeondoka, imeingia valini, isiyo na chaji. Chaji hasi ikipungua, himoglobini inatembea polepole zaidi kwenda upande chanya. Na valini haipendi maji. Oksijeni ikipungua inatafuta mahali pa kujificha kwenye himoglobini ya jirani, zinashikana kuwa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu inapinda. Linus Pauling na wenzake waliuita ugonjwa wa molekuli mwaka 1949. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, waliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayohariri jeni kwa CRISPR. Bei yake haishikiki na mtu wa kawaida, hilo linaniuma kila nikiona mtoto ameletwa na maumivu usiku. Lakini aliyeitengeneza hakuwa mtu wa maabara ya hospitali kama mimi. Alikuwa mtu wa hiyo kozi yako.

---

kijana_misungwi amejibu:

Naongezea upande wa shamba, maana naona mmejaa samaki na damu.

Mimi ni fundi sanifu kwenye utafiti wa mazao, Ukiriguru ni majirani zangu. Sisi huku mama wa sayansi yote ni muhogo. Jani likija na madoa ya njano limejikunja, ni batobato. Mzizi ukiukata ukakuta umeoza kahawia ndani huku shina linapendeza, hiyo ni michirizi ya kahawia, na mkulima hagundui mpaka siku ya kuvuna. Yote mawili yanasambazwa na inzi weupe na kwa kupeana mbegu. Kazi ni kujua shina lipi ni safi kabla hujagawa mbegu kijiji kizima, na macho peke yake hayatoshi. Hapo ndipo PCR inaingia. Virusi vya batobato ni vya DNA, unavikuza moja kwa moja. Vya michirizi ni vya RNA, kwa hiyo kwanza ugeuze RNA kuwa DNA ndipo ukuze. Na RNA inaharibika haraka mno, vimeng'enya vya kuikatakata vipo hata kwenye vidole vyako. Ukishika kifuniko bila glavu umeshapoteza sampuli.

PCR yenyewe aliibuni Kary Mullis mwaka 1983. Unapasha kama nyuzi 95 nyuzi mbili za DNA ziachane, unashusha kwenye hamsini na kitu vipande vya kuanzishia vishike, unapandisha 72 kimeng'enya kinakili. Mizunguko 30, nakala moja imezidi bilioni. Kimeng'enya cha kawaida kingekufa kwenye joto hilo. Hiki kimetoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ambaye Thomas Brock na mwenzake walimwandika mwaka 1969 bila kuwaza kabisa kuhusu PCR.

Kuna jambo uingie ukilijua. Neno bayoteknolojia kwa watu wengi ni GMO tu, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni. Hapa kwetu Wizara ya Kilimo ilisimamisha majaribio ya mazao ya GMO mwaka 2018, na 2021 ikasisitiza msimamo huo. Kwa hiyo kama unawaza utakuwa unapandikiza jeni kwenye mahindi huku Kanda ya Ziwa, kwa sasa hapana. Lakini kutambua magonjwa, kukuza miche safi ya migomba kwenye chupa, kuchagua wazazi wa mbegu kwa kusoma DNA, hayo hayajazuiwa na watu wanaohitajika ni wengi. Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya viluwiluwi vya mbu inayotengenezwa kwa bakteria, teknolojia ya Kuba. Hiyo nayo ni bayoteknolojia.

---

binti_buswelu amejibu:

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimemsomea baba yote. Alipofika pale pa barafu na dereva akacheka akasema huyo dada anajua kazi, maana yeye huwaona wanavyobishana mwaloni. Sijui kama amekubali, lakini la kurisiti hajalitaja tangu jana.

Dada wa shifti, naomba nikusumbue tena. Ada itategemea mkopo. Na kati ya sasa na kufungua chuo nina miezi, sitaki kukaa bure. Nianze na nini?

---

dada_wa_shifti amejibu:

Hunisumbui. Mkopo: cheti cha kuzaliwa kipeleke RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kihakikiwe sasa hivi, usingoje Bodi ya Mikopo ifungue dirisha, kwa sababu foleni ya RITA wakati wa dirisha ni ya kutisha na kila mwaka kuna watoto wanakwama hapo. Jina kwenye cheti lifanane na la kwenye matokeo, herufi kwa herufi.

La kusoma, usinunue kitabu kikubwa cha bayokemia, utakikuta maktaba. Rudia moli, rudia logi, rudia kuzimua. Watu wanaofeli vitendo mwaka wa kwanza mara nyingi biolojia wanaijua vizuri, ila hawawezi kutoka kwenye gramu kwenda milimola bila kubabaika. Jifunze Excel hadi uweze kuchora mstari wa viwango na kusoma kiasi cha sampuli juu yake. Na Kiingereza cha kuandika, kila siku aya moja inayoeleza ulichokiona, maana ripoti zote ni kwa Kiingereza na huko ndiko watoto wa shule zetu wanaachia alama bure.

Tena andika barua uende Nyegezi au TAFIRI uombe kutembelea. Wakikukatalia hujapoteza kitu. Mtu mmoja akikubali, utaingia chuo ukiwa umeshaiona maabara inayofanya kazi, na hilo wenzako wengi hawatakuwa nalo.

Nikupe hesabu ya kwanza. Bufa (mchanganyiko unaoishikilia pH isibadilike ovyo) ya Trisi, uzito wa moli moja ni gramu 121.1. Unataka mililita 500 zenye nguvu ya milimola 50 kwa lita, pH 8.0. Unapima gramu ngapi, na unaitengenezaje?

---

binti_buswelu amejibu:

Nusu lita mara 0.05 ni moli 0.025. Mara 121.1 napata gramu 3.03. Naiyeyusha kwenye mililita 500 za maji, halafu natia asidi mpaka pH ifike 8.0?

---

dada_wa_shifti amejibu:

Gramu ni sahihi kabisa. Utaratibu urekebishe: ukianza na mililita 500 kamili, ile asidi utakayoongeza itakuzidishia ujazo na nguvu ya bufa itashuka. Yeyusha kwenye kama 400, tia asidi ya hidrokloriki kidogokidogo huku unakoroga mpaka mita isome 8.0, ndipo ujaze maji hadi alama ya 500. Na Trisi ina tabia yake, pH inashuka joto likipanda, karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo kama kazi utaifanyia kwenye barafu, pima pH bufa ikiwa baridi. Ukimaliza andika kwenye chupa jina la bufa, nguvu yake, pH, tarehe na jina lako.

Kesho niko shifti ya usiku. Nitumie hapa jinsi utakavyoizimua iwe milimola 10, mililita 100.